Lugha na Mipango ya Kitaifa ya Kuhifadhi Takataka Nururifu

1. Utangulizi

Kila taifa linalotumia mnururisho katika tiba, katika viwanda au katika kuzalisha umeme hubakiwa na vitu ambavyo vimekwisha kazi lakini havijaacha kutoa miale yenye madhara. Jambo la kuviweka vitu hivyo mahali pa salama limezoeleka kuchukuliwa kuwa shughuli ya wanafizikia, wahandisi na wanajiolojia. Wanaisimu hawatajwi, na wao wenyewe aghalabu hawadai nafasi katika mjadala huo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpango wa taifa wa kuhifadhi takataka nururifu hutegemea lugha katika hatua zake zote. Kwanza, maagizo ya kazi huandikwa kwa lugha, na kosa la neno moja laweza kufunga hifadhi nzima. Pili, onyo halina faida ikiwa anayeliona halielewi. Tatu, baadhi ya takataka hizo hudumu muda mrefu kuliko lugha yoyote inayojulikana. Nne, wananchi hawawezi kuridhia jambo wasiloweza kulitaja kwa lugha yao. Hoja hizi nne zitachunguzwa moja baada ya nyingine kwa kutumia mifano ya Marekani, Brazili, Ufini na Afrika, kisha itatazamwa hali ya istilahi za Kiswahili.

2. Takataka Nururifu na Mpango wa Taifa

Atomi nururifu ni ile ambayo kiini chake si imara. Kiini hicho huvunjika chenyewe na kutoa miale. Kasi ya kuvunjika hupimwa kwa nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomi zilizokuwapo huwa zimekwisha kugeuka. Nusumaisha ya aidini-131, inayotumiwa kutibu tezi ya shingo, ni siku 8. Ya kobalti-60, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika mashine za kutibu saratani, ni miaka 5.3. Ya sesiamu-137 ni miaka 30 hivi, ya radiamu-226 ni miaka 1,600, na ya plutoniamu-239 ni miaka 24,100. Baada ya nusumaisha kumi kupita, unururifu huwa umepungua hadi chini ya sehemu moja katika elfu. Kwa hiyo sesiamu yataka uangalizi wa karne tatu, ilhali plutoniamu yataka zaidi ya miaka 240,000.

Tofauti hii ya muda ndiyo msingi wa kuainisha takataka hizo. Glavu na nguo za hospitali zilizoguswa na dawa ya muda mfupi zaweza kuwekwa siku au wiki kadhaa, kisha zikatupwa kama takataka nyingine. Zile za kiwango cha chini huzikwa karibu na uso wa ardhi, kama ifanywavyo Vaalputs, katika Jimbo la Northern Cape nchini Afrika Kusini, tangu mwaka 1986. Fueli iliyotumika katika mitambo ya umeme huhitaji kuzikwa mamia ya mita chini ya ardhi, ndani ya mwamba uliotulia.

Mpango wa taifa uliokamilika huwa na mambo kadhaa ya lazima: sheria, mamlaka ya udhibiti isiyomilikiwa na wazalishaji, orodha kamili ya vitu vilivyopo na mahali vilipo, fedha zinazotolewa na yule aliyezizalisha takataka, ratiba, na njia ya kupata ridhaa ya wenyeji. Ufini ni mfano mzuri. Mnamo 1983 serikali ya nchi hiyo iliweka ratiba kwamba mahali pa kuzikia fueli iliyotumika pawe pamechaguliwa kufikia mwaka 2000. Mnamo 1994 sheria ilibadilishwa ili takataka zote zinazozalishwa nchini zizikwe humo humo nchini. Baraza la wilaya ya Eurajoki, ambalo kisheria lilikuwa na uwezo wa kukataa, liliafiki mwaka 2000, na bunge likaridhia mwaka 2001. Kibali cha ujenzi kilitolewa mwaka 2015. Huko Olkiluoto, fueli imepangiwa kuwekwa katika mitungi ya shaba iliyozungukwa na udongo wa bentoniti, yapata mita 400 chini, katika mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni mbili.

Kinyume chake ni Marekani. Sheria ya mwaka 1982 ilikusudia kulinganisha maeneo kadhaa, lakini mwaka 1987 bunge liliamua kuuchunguza Mlima Yucca katika Jimbo la Nevada peke yake. Gavana wa jimbo hilo alipokataa mwaka 2002, kukataa kwake kulitanguliwa na kura ya bunge. Miaka michache baadaye mpango huo ulisimamishwa, baada ya mabilioni ya dola kutumika. Miamba ya mahali pawili hapo ilichunguzwa kwa bidii ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa katika namna wenyeji walivyosemeshwa na kusikilizwa.

Jambo hili si geni kwa Afrika. Huko Oklo, nchini Gabon, wataalamu waligundua mwaka 1972 kwamba urani ya ardhini iliwahi kuwaka yenyewe kama tanuri la nyuklia karibu miaka bilioni mbili iliyopita, na sehemu kubwa ya mabaki yake haikusogea mbali na mahali ilipozaliwa. Huko Shinkolobwe, katika Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya migodini na sokoni, ndiko kulikochimbwa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kuunda mabomu ya kwanza. Mabaki ya madini hayo yenye radiamu nyingi yamehifadhiwa hadi leo katika Jimbo la New York. Nchini Kenya, vyanzo vya mnururisho vilivyokwisha kazi hutoka hospitalini, viwandani na katika vipimo vya ujenzi wa barabara, na hifadhi yake imejengwa Oloolua, karibu na Nairobi. Usimamizi wake uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya kinga dhidi ya mnururisho ya mwaka 1982. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

3. Neno Moja katika Maagizo

Karibu na mji wa Carlsbad, katika Jimbo la New Mexico, Marekani ina hifadhi iliyochimbwa ndani ya tabaka la chumvi, mita 655 chini ya ardhi. Hifadhi hiyo ilianza kupokea takataka za kijeshi zenye plutoniamu mwezi Machi 1999. Mnamo tarehe 14 Februari 2014 pipa moja lilipasuka humo chini na kutoa vumbi nururifu. Hifadhi ikafungwa kwa karibu miaka mitatu.

Uchunguzi ulionyesha kwamba pipa hilo lilikuwa na chumvi za naitreti zilizochanganywa na kitu cha kunyonya majimaji. Kitu kilichotakiwa kilikuwa cha jamii ya udongo, ambacho hakishiki moto. Kilichotiwa kilitengenezwa kwa ngano. Kilipokutana na naitreti kikazaa joto hadi pipa likapasuka. Wafanyakazi hawakukaidi maagizo, kwani mwongozo wao wa kazi uliandika neno la Kiingereza ‘organic’, mahali ambapo ‘inorganic’ ndilo lililostahili. Yaani, kiambishi cha silabi moja kilikosekana. Mtu akiyatamka maneno hayo mawili kwa haraka, kila moja likitanguliwa na kiambatishi ‘an’, sikio laweza kushindwa kuyatofautisha.

Yamkini mtu atasema kwamba hilo ni tatizo la Kiingereza, na kwamba Kiswahili, chenye ukanushi ulio wazi, kina salama zaidi. Sivyo. Tazama vishazi rejeshi vifuatavyo:

(a) mapipa yaliyokaguliwa
(b) mapipa yasiyokaguliwa

Tofauti ya (a) na (b) ni silabi moja tu, -li- na -si-, katikati ya neno lenye silabi saba. Silabi hiyo haibebi mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mwandiko wa mkono uliofifia, au katika simu yenye kelele, mtu aweza kusikia kinyume cha alichoambiwa.

Kuna na utata wa pili. Kiambishi -li- hubeba wakati uliopita, lakini -si- katika kirejeshi hakibebi wakati wowote. Mapipa yasiyokaguliwa yaweza kuwa ni mapipa ambayo bado hayajakaguliwa na yanangoja zamu yao, au mapipa ambayo kwa kanuni hayakaguliwi kabisa. Katika hadithi au barua, muktadha hutosha kuondoa utata huo. Katika hifadhi ya takataka nururifu, maana ya kwanza yamwamuru mfanyakazi azuie pipa, na maana ya pili yamruhusu alipitishe.

Funzo lake kwa mwandishi wa miongozo ya Kiswahili ni kwamba ukanushi wa kirejeshi uepukwe kila pahali penye hatari. Badala ya kusema ‘usipokee mapipa yasiyokaguliwa’, ni afadhali kuandika sentensi mbili: ‘Soma kadi ya pipa. Ikiwa pipa halijakaguliwa, lizuie.’ Kiambishi -ja- huonyesha bayana kwamba ukaguzi ulitarajiwa na haujafanyika. Huu ni uchambuzi wa kawaida wa sarufi, lakini faida yake hapa ni uhai wa watu.

4. Alama Isiyosomeka

Mnamo tarehe 13 Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki iliyokuwa imehama. Waliikuta mashine ya kutibu saratani iliyoachwa humo, wakaitoa sehemu yake ya chuma kizito ili waiuze. Ndani yake mlikuwa na kibweta chenye gramu 93 za chumvi ya sesiamu-137. Kibweta kilitobolewa, na chuma kikauzwa kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Usiku mfanyabiashara huyo aliona nuru ya samawati ikitoka katika unga ule. Alidhani ni kitu cha thamani, labda hata cha kimiujiza, akawaita jamaa na majirani waje kutazama. Wengine walipewa chembe za unga huo wakaenda nazo nyumbani, na wako waliojipaka mwilini.

Ilichukua zaidi ya wiki mbili kabla ya mtaalamu kutambua kilichotokea. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa wameguswa na sesiamu. Wanne walikufa, mmojawao akiwa msichana wa miaka sita. Kutokana na gramu 93 za unga, usafishaji wa nyumba, barabara na udongo ulizalisha takataka za mita za ujazo 3,500 hivi, ambazo zilihitaji kujengewa hifadhi yake.

Msiba huu hutajwa mara nyingi kama kosa la udhibiti, na kwa kweli lilikuwapo kosa hilo: chanzo kilikosa mwenye kukilinda. Lakini upo pia upande wa maana. Watu wale walikisoma kile kitu kwa kutumia ishara walizozijua. Chuma kizito kilikuwa ishara ya fedha. Nuru ilikuwa ishara ya thamani na baraka. Hakuna katika mazingira yao kilichowaambia kwamba kitu kizuri cha kutazama kilikuwa kinawaua.

Alama ya kimataifa ya mnururisho, yenye mabawa matatu yanayolizunguka duara dogo, ilibuniwa huko Berkeley, California, mwaka 1946. Uhusiano wake na maana yake ni wa nasibu, kama ulivyo uhusiano wa neno na maana. Asiyefundishwa hawezi kuikisia, na aweza kuiona kuwa mchoro wa pangaboi. Kwa sababu hiyo, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na lile la viwango lilitoa alama ya nyongeza mwezi Februari 2007. Alama hiyo ina pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Kabla ya kutolewa ilijaribiwa katika nchi 11, Kenya ikiwamo. Hatua hiyo ni ungamo la taasisi ya sayansi kwamba ishara haina nguvu yoyote nje ya jumuiya inayoifahamu, jambo ambalo wanaisimu wamelisema tangu mwanzo wa karne ya 20.

5. Onyo la Miaka Elfu Kumi

Tatizo la Goiânia lilikuwa la watu wa zama moja. La hifadhi za kina ni kubwa zaidi, kwa maana wasomaji wake hawajazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Marekani iliunda jopo la kuchunguza jinsi ya kuwaonya watu wa miaka 10,000 ijayo wasichimbe penye takataka. Miongoni mwa walioshirikishwa alikuwamo Thomas Sebeok, bingwa wa taaluma ya ishara, ambaye taarifa yake ilitolewa mwaka 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jambo hilo lilitazamwa upya kwa ajili ya hifadhi ya Carlsbad, na safari hii makundi mawili ya wataalamu yaliitwa. Mwanaisimu Frederick Newmeyer na mwanaanthropolojia Ward Goodenough walikuwamo.

Hesabu ya isimu yaweza kusaidia kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Kwa mujibu wa kanuni ya Morris Swadesh, lugha hubakiwa na takriban asilimia 81 ya msamiati wake wa msingi katika kila miaka elfu. Kanuni hiyo imepingwa sana, lakini ikichukuliwa kama makisio tu, baada ya miaka 10,000 yatabaki maneno kama 12 katika kila 100. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanajua kwamba maneno machache hudumu: nyama, -tatu na -fa yana ndugu zake karibu katika eneo zima la Kibantu, na asili yake ni ya miaka elfu kadhaa. Hata hivyo miaka hiyo haifiki hata 10,000, na hakuna aliyepanga kwamba maneno hayo ndiyo yabaki.

Maandishi nayo hayaaminiki zaidi. Maandishi ya Meroe, katika Sudani ya kale, yalipatiwa thamani za sauti mwanzoni mwa karne ya 20, lakini lugha yenyewe haijaeleweka isipokuwa kwa sehemu ndogo. Wasomaji wanaweza kuyatamka bila kujua yasemayo, na umri wake ni kama miaka 2,000 tu. Karibu zaidi na nyumbani, maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 1107, hayasomeki kwa Mwislamu wa kawaida ajuaye hati ya Kiarabu ya siku hizi. Barua za Kiswahili za Kilwa za mwaka 1711 na muswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ilhali wengi wa wasemaji wa Kiswahili leo hawawezi kusoma hati hizo. Badiliko hilo la hati halikungoja miaka elfu kumi, kwani lilikamilika ndani ya karne moja.

Mpango wa Carlsbad ni kuwa hifadhi itakapofungwa pajengwe boma la udongo na nguzo za itale zenye ujumbe katika lugha saba, yaani zile sita rasmi za Umoja wa Mataifa pamoja na Kinavaho, lugha ya wenyeji wa eneo hilo. Pamependekezwa pia paachwe nafasi tupu ili watu wa baadaye waongeze tafsiri zao. Hoja ya nafasi tupu yafaa kutiliwa mkazo, kwa kuwa yalingana na wazo muhimu zaidi la Sebeok. Yeye alishauri kwamba ujumbe usitazamiwe kuruka miaka yote kwa mara moja. Kila baada ya vizazi vitatu ufasiriwe upya katika lugha ya wakati huo. Kwa kusimamia kazi hiyo alipendekeza kundi la warithi, aliloliita ukuhani wa atomiki, ambalo pamoja na elimu lingetumia visaasili na miiko kuwazuia watu wasikaribie.

Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba siri ikiachwa mikononi mwa wachache huzaa unyonyaji. Lakini wengi wao waliijadili rai hiyo kana kwamba mfano wake haujapata kuwako. Mfano wa namna hiyo uko katika pwani ya Kenya. Kaya za Wamijikenda ni misitu iliyozunguka makazi ya kale, ambayo wazee wa kaya wameilinda kwa miiko: hapakatwi miti ovyo, hapaingiwi bila ruhusa, na fingo lililozikwa humo haliguswi. Makazi yenyewe yalikuwa yameachwa kufikia miaka ya 1940, lakini miiko ilidumu. Mnamo 2008 kaya hizo zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kaya zatoa mafunzo mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba jamii isiyo na maandishi rasmi yaweza kuhifadhi amri ya ‘usiguse kilichozikwa hapa’ kwa karne kadhaa, maadamu amri hiyo imefungamana na utambulisho wake. La pili ni kwamba mwiko hudhoofika pale ardhi inapopata bei, na ndiyo maana kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa. Mwiko bila sheria hautoshi, na sheria pasipo watu wenye kuikumbuka nayo hubaki karatasi. Ufini imechagua njia nyingine, kwamba hifadhi ijengwe iwe salama hata ikisahauliwa kabisa. Njia hiyo ni ya busara, lakini hata huko kumbukumbu zahitajika kwa muda wote ambao mitungi inashushwa, na muda huo ni wa vizazi kadhaa vya wafanyakazi.

6. Istilahi za Kiswahili

Wananavaho walichimba urani katika ardhi yao tangu mwaka 1944 hadi 1986. Kazi ilipoanza, lugha yao haikuwa na neno la mnururisho. Madini hayo yaliitwa ‘leetso’, yaani udongo wa manjano, jina lililotaja rangi na kunyamazia madhara. Mashimo zaidi ya 500 yaliachwa wazi, na mwaka 2005 taifa hilo lilipiga marufuku uchimbaji wa urani. Mfano huu wapaswa kuwaamsha waundaji wa istilahi za Kiswahili.

Kiswahili kina neno tayari. Kamusi na orodha za sayansi zimetumia mnururisho, unururifu na kivumishi -nururifu. Kwa upande wa sarufi, maneno haya hayana dosari. Yanapokea upatanisho wa ngeli bila taabu: kitu kinururifu, vitu vinururifu, madini manururifu, takataka nururifu. Tatizo liko katika mzizi wake. Nuru, neno lenye asili ya Kiarabu, katika matumizi ya Waswahili ni mwanga wenye kheri. Watoto hupewa jina la Nuru, uso wa mcha Mungu husemwa una nuru, na elimu hulinganishwa na nuru. Kwa msikilizaji asiyesoma fizikia, kitu kinururifu ni kitu kinachong’aa kwa baraka. Hivyo ndivyo hasa walivyoufahamu ule unga wa samawati watu wa Goiânia.

Neno mionzi, ambalo hutumiwa zaidi na magazeti na hospitali, halina baraka hiyo, lakini lina upungufu wake. Huenea hadi kwenye mionzi ya jua, ya simu na ya picha za mifupa, na katika usemi ‘tiba ya mionzi’ lahusishwa na uponyaji. Kwa upande wa takataka, neno lenyewe hutaja kitu kisicho na thamani, ambacho mwenye shida aweza kukiokota jaani bila kumkosea mtu. Lakini kichwa cha mashine kuukuu ni chuma chenye bei. Hatari, neno lililopakwa kwenye milingoti ya umeme nchini kote, nalo limeanza kulegea: katika mazungumzo ya vijana, mchezaji hatari ni mchezaji bora.

Haifuati kwamba maneno haya yatupwe. Istilahi iliyokwisha kukubalika ina faida ya kukubalika kwake. Kinachohitajika ni kugawa kazi. Katika maandishi ya kitaalamu, mnururisho na -nururifu yaendelee kutumika kwa maana moja isiyobadilika. Katika mabango na matangazo ya vijijini, istilahi isitangulie. Kitangulie kitenzi kinachotaja tendo na matokeo yake, kama vile ‘Usifungue. Kilichomo kinaunguza mwili bila moto na kinaua.’ Msikilizaji hahitaji nadharia ya atomi ili kulielewa onyo la namna hiyo.

Jozi nyingine yahitaji kuwekwa sawa. Wataalamu hutofautisha kuweka takataka kwa nia ya kuzitoa tena baadaye na kuziweka kwa nia ya kutozitoa kamwe. Kiswahili cha magazeti hutumia kuhifadhi kwa maana zote mbili, na wakati mwingine kutupa. Mwananchi anayeambiwa kwamba takataka ‘zitahifadhiwa’ karibu na kijiji chake ana haki ya kujua ni kwa miaka 30 au ni kwa milele. Yafaa kutunza kutumike kwa maana ya kwanza, kwa sababu kitenzi hicho chadai mtunzaji aliye hai, na kuzika kwa maana ya pili, kwa sababu kila Mswahili ajua kwamba kilichozikwa hakifukuliwi.

Suala hili limekwisha kuwa la siasa. Wakati Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, palipotajwa kuwa mahali panapofikiriwa kujengwa mtambo wa nyuklia, wakazi wengi walipinga, na mwaka 2024 upinzani huo ulitokeza barabarani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaufanya ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya mwaka 2019, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza. Mtu aweza kuunga mkono au kupinga mtambo wa nyuklia kwa sababu nzuri. Lakini ndiyo na la ya mtu asiyepewa maneno ya kuulizia swali lake havina uzito unaostahili.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba lugha imo ndani ya mpango wa usalama tangu mwanzo hadi mwisho wake: katika silabi ya mwongozo wa kazi, katika alama iliyobandikwa kwenye mashine, katika nguzo ya itale na katika kikao cha wanakijiji. Kila mahali ilipodharauliwa, gharama ililipwa kwa fedha, kwa muda au kwa maisha.

Kazi tatu zaweza kuanzwa na idara za lugha za Afrika Mashariki bila kungoja mitambo ijengwe, kwa kuwa vyanzo vilivyokwisha kazi vimo nchini tayari. Ya kwanza ni kusanifu istilahi chache, kwa pamoja kati ya Kenya na Tanzania, ili kitu kimoja kisiitwe majina mawili pande mbili za mpaka. Ya pili ni kuyajaribu maonyo kwa watu wanaokusudiwa hasa, yaani wauza vyuma chakavu, wafagiaji wa hospitali na madereva wa malori, na kuyaandika upya pale wanaposhindwa kuyaelewa. Ya tatu ni kutia katika mipango ya taifa sharti la kuyatazama upya maneno ya maonyo katika kila kizazi. Sesiamu inayozikwa leo itakuwa hai kwa karne tatu, na kama zile barua za Kilwa zionyeshavyo, karne tatu zatosha kuifanya lugha iwe ngeni kwa wajukuu wa walioiandika.